Maua ya kudumu kwenye yadi ya Minnesota: cha kufanya kuanzia Septemba mpaka udongo ugande

Mwaka wangu wa kwanza kwenye hii nyumba hapa St. Paul niliua ua lenye afya kabisa kwa mikono yangu mwenyewe, na mpaka leo nikipita ile kona roho inaniuma. Ilikuwa pioni, kichaka kikubwa pembeni ya ngazi za mbele. Ilipofika katikati ya Oktoba majani yakawa meusi yakalala chini kama yamemwagiwa maji ya moto, mi nikajua imekufa, nikachukua beleshi nikang'oa yote, mizizi minene kama mihogo midogo, nikaijaza kwenye ile mifuko ya karatasi ya takataka za bustani nikaiweka barabarani. Mwezi wa tano jirani yangu, mama mtu mzima, akaja kuniuliza ile pioni ya pinki mbona haijachomoza, kumbe kila mwaka huwa anaisubiri na aliyeipanda alikuwa rafiki yake. Pioni ikipata sehemu inayoipenda inakaa hapohapo miaka 50 na zaidi. Nilikosa hata cha kumjibu yule mama.

Na mi ni mtu wa Makete, Tanzania, hili jambo nimelelewa nalo. Kule kwetu juu, mwezi wa sita na wa saba sakitu ikipiga usiku, asubuhi unakuta majani ya viazi yameungua, uwanda wote wa Kitulo unageuka wa kahawia unaweza kusema hakuna kitu hai pale, halafu mvua zikianza kuelekea Desemba maua yanafumuka mpaka unashindwa pa kukanyaga, orkidi aina zaidi ya 40, ndo maana panaitwa Bustani ya Mungu. Zile orkidi hazikuwa zimekufa, viazi vyake vilikuwa chini vimelala, ndo hivyohivyo watu walikuwa wanavichimba kupeleka Zambia kutengeneza chikanda, chakula chao kinachopikwa kwa viazi hivyo. Sasa maua ya kudumu ya huku nayo yanafanya hivyohivyo, tofauti ni kwamba usingizi wake ni mrefu na baridi lake halina mfano. Juu panakufa, chini pako hai. Ukishika hilo, kazi yote ya vuli ya huku utaielewa. (Nasema vuli ila sio vuli yetu ya mvua, naongelea huu msimu majani yanapukutika, na nikisema masika naongelea msimu wa kuchipua theluji ikishayeyuka.)

Kitu kingine cha kuelewa kabla hujashika jembe ni kwamba kinachoua maua mengi huku sio baridi lenyewe. Ua ukilinunua linalofaa kanda yako baridi linalimudu. Ramani ya mwaka 2023 ya Wizara ya Kilimo ya Marekani imeweka sehemu kubwa ya Minneapolis na St. Paul kwenye kanda 5a, yaani usiku wa baridi kali kuliko wote kwa mwaka unafika wastani wa kati ya nyuzi -26 na -29 za Selsiasi, lakini mi bado nanunua ya kanda 4 kushuka chini (namba ikipungua baridi linazidi) maana kuna miaka baridi linapitiliza. Kinachoua ni kuganda na kuyeyuka, kuganda na kuyeyuka. Maji yaliyo kwenye udongo yakiganda yanatanuka, yanausukuma mmea juu kidogo, jua la mchana likipiga udongo unayeyuka, usiku unaganda tena unausukuma tena, ikifika Machi unakuta shina limeinuka juu ya udongo, mizizi imekatika, upepo umeikausha. Kwa hiyo karibu kila ninachokuambia hapa chini ni kuhusu wakati. Ukiwahi sana unaharibu, ukichelewa unaharibu.

Tuanze na Septemba, maana huo ndo mwezi wa kugawa na kuhamisha. Mmea uliogawanywa unahitaji kama wiki nne mpaka sita za kuotesha mizizi kabla udongo haujaganda, na huku udongo unaganda mwishoni mwa Novemba au Desemba mwanzoni, ila kadiri baridi linavyoshuka mizizi nayo inakua polepole, kwa hiyo mi mwisho wangu ni Septemba, Oktoba sigawi kitu. Deilili ni rahisi kuliko zote, unazungushia beleshi, unanyanyua lote, unachana kwa mikono au kisu cha zamani, kila fungu libaki na majani matatu manne na mizizi yake, unafupisha majani mpaka kama shubiri moja unapanda. Hosta hivyohivyo. Ila yale yanayochanua yenyewe mwishoni mwa msimu, kama mamu (nitayaeleza mbele) na asta, yaache mpaka aprili huko, usiyakate yakiwa na maua, na airisi kama hukugawa Julai au Agosti basi subiri mwakani.

Pioni nitaielezea taratibu kwa sababu nina deni nayo. Kwanza ujue haihitaji kugawanywa, ikiwa inachanua vizuri iache maisha yake yote, unagawa tu kama unahama au unataka kumpa mtu. Fanya katikati ya Septemba hivi. Kata mashina yabaki kama sentimita 15, chimba mbali na shina, kama sentimita 30 kila upande, usivute maana mizizi inavunjika kama muhogo mbichi. Ukiitoa osha udongo wote kwa mpira wa maji uone vizuri. Utaona juu ya mizizi kuna vichipukizi vya pinki au vyekundu, vimechongoka, ukubwa wa ncha ya kidole cha mwisho, hayo ndo macho, na hayo ndo maua ya mwakani yameshaumbwa tayari na wewe ulikuwa unadhani umeshika maiti. Kata kwa kisu kikali kila kipande kiwe na macho matatu mpaka matano na mizizi ya kutosha.

Halafu kupanda, hapa ndo watu wengi wanakosea. Macho yakae chini ya udongo sentimita 5 tu, isizidi. Ukipanda chini sana pioni itaota majani mazuri mabichi miaka na miaka na haitakupa ua hata moja. Mi naweka fimbo juu ya shimo kulala kutoka ukingo mpaka ukingo, halafu napima kwa vidole kutoka kwenye fimbo mpaka jicho, vidole vitatu basi, nashindilia udongo, namwagilia, udongo ukishuka napima tena maana nao ukikaa unashuka na mmea wako. Sehemu iwe na jua angalau masaa sita. Na usikate tamaa, mwaka wa kwanza na wa pili inaweza isitoe ua, inajenga mizizi.

Kama unapewa mmea na mtu, au unampa mtu, tafadhali sana oshea udongo wote hukohuko kabla haujaingia kwako. Huku kuna minyoo wanaitwa minyoo warukaji, asili yake Asia, sio wale minyoo wazuri wa shambani, hawa ukiwagusa wanajirusha kama nyoka, na udongo wanaupukutisha mpaka unakuwa kama machicha ya kahawa, unamwagilia maji yanapita tu. Wakubwa wanakufa na baridi lakini mayai yanabaki kwenye udongo mpaka mwakani. Sisi Waswahili tunapenda kugawiana mbegu na miche baada ya kanisa, baada ya msikiti, ni jambo zuri mno, ila tugawiane mizizi iliyooshwa.

Maji. Watu wakiona baridi limeanza wanaacha kumwagilia, na hilo ni kosa kubwa hasa kwa ulivyopanda mwaka huohuo. Kama mvua hainyeshi, mwagilia kama sentimita 2.5 kwa wiki mpaka udongo ugande, chomeka kidole ukiona pakavu mpaka kifundo cha pili basi weka maji. Mmea unaoingia kwenye usingizi una kiu unakauka hukohuko ndani ya ardhi. Ila mpira wenyewe chomoa kwenye bomba kila ukimaliza kuanzia mwisho wa Septemba, maji yakiganda ndani bomba linapasuka mpaka ndani ya ukuta na fundi wa huku sio wa bei ya kwetu. Mbolea ya chumvichumvi acha kabisa, urea acha, ukiweka sasa hivi unauambia mmea utoe majani mapya wakati tunataka ulale. Mboji iliyoiva, tabaka jembamba, haina shida.

Sakitu ya kwanza hapa mara nyingi inapiga mwanzoni mwa Oktoba, wiki ya kwanza au ya pili, ila angalia utabiri kila jioni. Ikishapiga ndo swali linakuja, tukate au tusikate? Nyumbani tumezoea kufyeka na kufagia uwanja mpaka udongo ung'ae, na mama angekuja hapa Novemba akaona yadi yangu ilivyo na mashina makavu angesema mwanangu umekuwa mvivu. Lakini huku mengi yanatakiwa kusimama. Ekinesia na rudibekia yana vichwa vimejaa mbegu, wale chiriku wa njano wanakuja mpaka theluji imejaa wananing'inia pale wanadonoa, mi huwa nakaa dirishani na chai nawaangalia. Yale mashina yenye uwazi ndani kuna nyuki wadogo wa asili ya huku wanaokaa humo, ukikata na kutupa umetupa nyuki wa mwakani. Halafu mashina yakisimama yanashika theluji, na theluji ndo blanketi bora kuliko yote. Mamu ndo kabisa usiguse, ikikatwa vuli inakufa kirahisi zaidi kuliko ikiachwa na mashina yake.

Ya kukata ni yale yenye ugonjwa na yale yanayooza. Pioni kata yote mpaka chini, majani yake yanabeba ukungu unaoozesha machipukizi mwakani, toa nje ya yadi, usiweke kwenye lundo la mboji maana lundo la nyumbani halipati joto la kutosha kuua vimelea. Floksi na monada kama yalipata ubwiri unga, ule unga mweupe kwenye majani, nayo hivyohivyo. Hosta ikipigwa na sakitu inageuka uji, ondoa, koa wanataga mayai humo. Na mkasi wako ufute kwa spiriti ukitoka kwenye mmea mgonjwa kwenda mzima, inachukua sekunde kumi tu.

Nimetaja mamu mara mbili, niseme kidogo. Ni yale maua yanayojaa madukani Septemba, vyungu vya mviringo, njano, zambarau, kutu. Mtu wa Makete au Molo akiliangalia jani lake atasema mbona kama ndugu yake pareto, na kweli ni ukoo mmoja. Shida ni kwamba yanauzwa yakiwa yamechanua tayari, ukiyapanda Oktoba hayana muda wa kushika mizizi, ndo maana watu wanalalamika hayarudi. Ukitaka yarudi nunua mche masika, na uliza zile aina zilizozalishwa na Chuo Kikuu cha Minnesota, wamefanya kazi ya kutafuta mamu zinazovumilia baridi la huku kwa miongo mingi. Ukiwa na nafasi nenda ile bustani yao kubwa ya miti na maua iliyoko Chaska, ipo tangu 1958, tembea pale mwishoni mwa Septemba uone wanavyofanya, kipi wamekata kipi wameacha, utajifunza kuliko kusoma.

Sasa dalia. Kwetu Makete dalia iko ardhini mwaka mzima, mama hajawahi kuing'oa hata siku moja. Asili yake ni Meksiko, baridi la huku hailiwezi, juu sakitu inaunguza majani, na chini udongo ukiganda vile viazi vinakuwa maji. Kwa hiyo dalia lazima itoke, na kwa kweli hii ndo kazi ninayoipenda kuliko zote maana inanirudisha shambani kwa baba tunavuna viazi.

Subiri sakitu iunguze majani, yawe meusi. Wengine wanasubiri siku kadhaa baada ya hapo ili macho yaanze kuonekana, mi pia nafanya hivyo kama utabiri hauonyeshi baridi kali la kugandisha udongo. Kata shina libaki sentimita 10 mpaka 15. Chimba kwa uma wa bustani kuzunguka, mbali kidogo, nyanyua kutoka chini, usishike shina ukavuta, kwa sababu viazi vya dalia vimeshikwa na shingo nyembamba na shingo ikivunjika kile kiazi hakina kazi tena. Hapa watu wa viazi inabidi tujifunze upya. Kiazi mviringo macho yamejaa mwili mzima, ukikata kipande popote chenye jicho kinaota. Dalia sio hivyo, jicho liko pale juu tu, kiazi kinapoungana na shina. Unaweza ukawa na kiazi kinono kama ngumi na kisiote milele kwa sababu hakina kipande cha lile shina, na kingine kidogo kama kidole gumba kikakupa kichaka cha mita moja na nusu. Kwa hiyo ukigawa, kila kiazi kiondoke na shingo yake na kipande cha shina chenye jicho. Kama huyaoni macho usilazimishe, hifadhi fundo zima utagawa mwezi wa nne macho yakishavimba.

Osha, acha vikauke kivulini siku moja au mbili, sio juani, halafu andika jina au rangi kwenye plasta ubandike, maana ikifika Januari vyote vinafanana. Panga kwenye boksi au kreti, maranda makavu chini, viazi visigusane, maranda juu. Mi maranda nanunua yale wanayouza kwa ajili ya sungura na hamsta. Boksi likae sehemu yenye giza, nyuzi 4 mpaka 10, kwangu ni besmenti, kile chumba cha chini ya nyumba, kwenye kona ya ukuta wa nje, mbali kabisa na tanuru la kupasha nyumba. Gereji ya gari ambayo haina joto usiweke, Januari itaganda. Halafu kila mwezi shuka ukaguse. Kikilegea na kukunjamana kama kiazi cha mwaka jana, nyunyizia maji kidogo kwenye maranda. Kikiwa laini na kina harufu, kitoe haraka kabla hakijaambukiza wenzake, au kata sehemu iliyooza mpaka ufike nyama nyeupe ukiache kikauke.

Kana nayo inatoka kwa njia hiyohiyo. Na glayola, ambalo watu wengi hawajui kwamba ni ua letu, jamii nyingi za glayola asili yake ni Afrika, na moja ya wazazi wa hizi za madukani ni ile yenye maua ya rangi ya chungwa inayoota porini hata kwetu Tanzania. Ukiing'oa utakuta kitunguu kipya kimekaa juu ya kile cha mwaka huu kilichonyauka, kikikauka wiki mbili tatu kivunje cha chini utupe, cha juu ndo cha kuhifadhi.

Wakati unatoa hivyo, ndo wakati wa kuingiza vitunguu vya maua ya masika. Tulipu na dafodili vinahitaji kulala kwenye baridi ndo vichanue, panda Oktoba, kina kama mara tatu ya urefu wa kitunguu chenyewe, tulipu ni sentimita 15 mpaka 20, ncha juu. Kindi wanapenda tulipu kama karanga, wanafukua siku hiyohiyo ukigeuka, weka waya wa kuku juu ya udongo halafu utandaze majani, au panda dafodili ambazo hawagusi kwa sababu ni sumu. Na kwa sababu ni sumu usiweke hivyo vitunguu jikoni hata kwa dakika moja, mgeni anaweza akakatia kachumbari.

Mwisho matandazo, na hapa nakuomba uvumilie. Mwezi wa kumi ukiona majirani wanarundika majani usikimbilie. Matandazo ya majira ya baridi kazi yake sio kuupa mmea joto, kazi yake ni kuufanya udongo ukishaganda ubaki umeganda. Ukifunika mapema unafungia joto ndani, mmea haulali, na panya wanapata nyumba wanatafuna mashina msimu mzima. Subiri mpaka ukichoma beleshi linagota, sentimita chache za juu zimekuwa ngumu, kwa hapa ni mwisho wa Novemba au Desemba. Hapo tandaza sentimita 10 mpaka 15 za mabua ya ngano au majani makavu. Majani ya mepo yakilowa yanagandamana kama godoro na kuozesha, kwa hiyo pitishia mashine ya kukatia nyasi kwanza yawe vipandevipande. Ya mwaloni yanakaa vizuri hata mazima. Kama majani ni machache, tanguliza yale uliyopanda au kugawa mwaka huu, yaliyokomaa yatajitegemea. Na ukisukuma theluji kutoka kwenye njia ya kupita, imwage juu ya maua, ila sio ile yenye chumvi.

Machi kutakuwa na siku mbili tatu za jua watu wanavaa kaptula, usidanganyike, usifunue. Aprili ndo unaanza, tabaka moja leo, jingine wiki ijayo, na mashina makavu ukiyakata yaache visiki vya sentimita 20 au zaidi nyuki waingie. Kwenye pioni funua kwa mikono, reki iache gereji, maana vichipukizi vyake vyekundu vinakuwa vimeshachomoza chini ya majani na vinakatika kwa kuguswa tu.